Homoni, daftari, dumu au kioo: hedhi ikikoma, uanze na lipi kujirudishia thamani?

Pesa ya kwanza ambayo wanawake wengi hutoa wanapoanza kujichukia katika umri wa kukoma hedhi huishia kwenye kopo la krimu. Si pesa mbaya, ila mara nyingi imetangulia zamu yake. Mtu anayeamka mara nne usiku shuka limelowa, akaenda kazini macho mazito, akasahau jina la mteja wake wa miaka yote, atajiona mzee na mjinga hata umpake nini. Kinachomshusha ni usingizi, kioo kimesingiziwa tu.

Kwa hiyo kabla hujachagua tiba, pima kinachokushusha. Kwa wiki mbili weka karatasi na kalamu kando ya kitanda. Kila usiku andika mambo matatu: leo joto la ghafla limekupata mara ngapi, usiku uliopita uliamka mara ngapi, na nini kilikufanya ujione duni leo, kwa neno moja kati ya haya manne: mwili, wazo, kioo, mtu. "Mwili" ni jasho, kukosa usingizi, uchovu, maumivu. "Wazo" ni ile sauti ya ndani inayokuambia umekwisha. "Kioo" ni ngozi, nywele, tumbo, nguo zinazobana. "Mtu" ni maneno ya mume, bosi, mawifi, hata watoto uliowazaa mwenyewe. Siku ya 14 hesabu. Neno lililoongoza ndilo la kuanza nalo: jedwali hapa chini lina njia nne na neno ambalo kila moja hulitibu, na "mtu" lina sehemu yake karibu na mwisho.

Anayetaka namba iliyo imara zaidi atumie kipimo cha kujithamini cha Rosenberg, cha mwaka 1965, ambacho bado kinatumika duniani kote. Kina sentensi 10, kila moja inapata alama 0 hadi 3, jumla ni 30. Chini ya 15 huhesabiwa kuwa kujithamini kumeshuka. Jipime siku ya kwanza na tena baada ya wiki 12. Usijipime kila siku, utaishia kupima hali ya hewa.

| | Homoni | Daftari (tiba ya fikra na tabia) | Dumu (mazoezi ya uzito) | Kioo (ngozi, nywele, mavazi) |
|---|---|---|---|---|
| Neno linalotibiwa hasa | mwili | wazo | mwili na kioo | kioo |
| Nafuu huanza lini | wiki 2 hadi 4; kamili miezi 3 | wiki 4 hadi 6 | nguvu wiki ya 4; umbo wiki ya 12 | nguo siku hiyohiyo; nywele miezi 4 hadi 6 |
| Kinachohitajika | daktari, kipimo cha presha, historia ya ugonjwa, pesa kila mwezi | daftari na dakika 15 kwa siku | nusu saa mara 2 kwa wiki, dumu la lita 5, kiti | pesa kidogo kidogo, na macho ya kusoma lebo |
| Haliwezi | kufuta maneno uliyoambiwa, kupunguza uzito | kupunguza sana idadi ya joto la ghafla | kuzuia joto la ghafla | kuleta usingizi |
| Linapoharibika | kuacha mapema, kuazimana dawa | kujisifu kwa uongo | uzito usiopanda | mkorogo na piko |

Kabla ya kusema ni umri

Kwa walio wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Ikikoma kabla ya 40, usichague chochote humu peke yako: mwili huo unahitaji homoni kwa ajili ya mifupa na moyo hadi karibu na umri wa kawaida, na hilo ni suala la daktari wa wanawake.

Kwetu kuna mtego mwingine. Jasho la usiku hukimbiliwa na dawa ya malaria bila kipimo, mwezi huu na mwezi ujao, wakati vimelea havipo. Pima kwanza. Na upande wa pili, jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa na kukonda, hiyo ni dalili ya kifua kikuu. Usiipakie kwenye umri. Uchovu mkali na kukatika nywele katika miaka ambayo hedhi inavurugika mara nyingi ni upungufu wa damu, maana hedhi za mwisho huweza kuwa nzito kuliko zote. Ugonjwa wa tezi ya shingo nao hufanana sana na kukoma hedhi. Kipimo cha wingi wa damu na cha tezi vinatosha kuondoa shaka.

Damu ikitoka tena baada ya ile miezi 12 kutimia, hata tone, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Na mimba bado inaingia: aliyepata hedhi ya mwisho akiwa chini ya miaka 50 aendelee na uzazi wa mpango kwa miaka 2, aliyezidi 50 kwa mwaka 1.

Homoni: pale neno "mwili" linapoongoza

Estrojeni, homoni kuu ya kike, ikishuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto inakuwa nyepesi kushtuka. Ongezeko dogo la joto, ambalo zamani usingelisikia, sasa linafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho kana kwamba umekimbia. Tukio moja huchukua dakika 1 hadi 5. Tatizo ni kwamba linarudi, na linarudi kwa miaka. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, uliofuatilia wanawake tangu katikati ya miaka ya 1990, ulikuta muda wa kati ni miaka 7.4, kwa wanawake weusi ulifika miaka 10.1. Anayekuambia "vumilia, yatapita" anakuomba uvumilie muongo mzima.

Hakuna kinachoshinda homoni hapa: hupunguza marudio ya joto kwa karibu robo tatu. Usingizi ukirudi, kumbukumbu na uvumilivu hufuata, na wengi hugundua kwamba kile walichokiita kujichukia kilikuwa uchovu.

Kanuni moja haina mjadala. Mwenye kizazi lazima apate estrojeni pamoja na projesteroni, homoni ya pili ya kike, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha utando wa ndani ya kizazi na kuukaribisha kwenye saratani. Aliyetolewa kizazi kwa kawaida hutumia estrojeni pekee. Kipimo cha kuanzia kwa bandiko la ngozi mara nyingi ni mikrogramu 25 hadi 50 kwa siku, likibadilishwa mara 2 kwa wiki. Projesteroni ya asili ni miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa usiku 12 hadi 14 za kila mwezi. Imeze wakati wa kulala, inaleta usingizi, na kwa mtu huyu hiyo ni faida.

Bandiko au jeli vinapita kwenye ngozi bila kuanzia ini, kwa hiyo hatari ya damu kuganda ni ndogo kuliko ya vidonge. Kwa mwenye uzito mkubwa au presha iliyodhibitiwa, hilo ndilo la kuulizia kwanza. Ila joto la Mombasa na Dar hubandua bandiko: libandike chini ya tumbo au kwenye kalio, ngozi ikiwa kavu kabisa, bila mafuta wala losheni, lishike kwa kiganja kwa sekunde 10, na ubadilishe upande kila safari. Kabla ya kuandikiwa, uliza duka la dawa kama wanaweza kukupatia miezi 3 mfululizo. Kuanza na kukatiza ni kurudisha majasho kwa hasira.

Hofu ya saratani ya titi ilienea Julai 2002, jaribio kubwa la Marekani la homoni mchanganyiko liliposimamishwa. Nyongeza iliyopatikana ilikuwa visa 8 kwa mwaka katika kila wanawake 10,000, na wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wao hedhi ilishakoma zamani. Ushauri wa sasa ni kwamba kwa mwenye chini ya miaka 60, au asiyezidi miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Vizuizi ni hivi: uliwahi kuugua saratani ya titi, damu kuganda miguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa wa mishipa ya moyo, ugonjwa mkali wa ini, au una damu ya ukeni isiyojulikana sababu.

Wanaoshindwa na homoni kwa kawaida hukosea mambo matatu. Huacha siku ya kumi kwa kuwa hawajaona kitu. Hutishwa na matone ya damu ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ambayo ni ya kawaida (yakizidi hapo, daktari aangalie). Au hutumia zilizobaki za dada yake mtu, ambaye alitolewa kizazi.

Aliyezuiwa homoni hajafungiwa mlango. Venlafaksini (dawa ya sonona) kwa dozi ndogo, au gabapentini (dawa ya kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu) miligramu 300 wakati wa kulala, hupunguza joto kwa kiasi cha maana. Fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hufanya kazi palepale kwenye kidhibiti joto cha ubongo, lakini inadai vipimo vya ini. Anayemeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, aepuke paroksetini, ambayo nayo ni dawa ya sonona, kwa sababu inaizuia tamoksifeni kugeuzwa kuwa dawa kamili mwilini. Soya na mitishamba inayouzwa kwa jina la "homoni asilia" haijathibitika kushinda kidonge kitupu kisicho na dawa. Kula maharage ya soya ukiyapenda, usiyanunue kwa bei ya dawa.

Daftari: pale sauti ya ndani ndiyo adui

Tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya kukoma hedhi ilijaribiwa vizuri Uingereza, King's College London, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wapo waliohudhuria kikundi mara 4, saa 2 kila wiki. Wapo waliopewa kijitabu wajifunze wenyewe kwa wiki 4. Kijitabu kilifanya kazi karibu sawa na kikundi, na hilo ni habari njema kwa anayeishi mbali na mwanasaikolojia. Lakini elewa kilichopungua: ni jinsi joto linavyokusumbua na kukuaibisha. Idadi ya matukio haikushuka sana. Ndiyo maana mtu wa majasho 12 kwa siku asipewe daftari peke yake akaambiwa ajitahidi.

Kazi yenyewe ni hii. Chora safu nne: kilichotokea, nilichowaza, nilivyojisikia (kwa 0 hadi 10), na sentensi nyingine inayoweza kuwa kweli. Andika ndani ya saa moja, siyo jioni, maana jioni akili imeshatia chumvi.

Mfano: uko kwenye kikao, jasho linatiririka. Ulichowaza: "Wote wananiona, wanajua nimezeeka." Aibu 9. Sentensi nyingine: "Wawili wa karibu huenda wameona jasho, wengine wanaangalia simu." Sasa ijaribu. Kikao kikiisha muulize mmoja unayemwamini, "Umeona chochote kwangu leo?" Mara nyingi atakuuliza, "Kama nini?" Fanya jaribio hilo mara tatu kwa wiki na uandike majibu. Hicho ndicho kinachobadilisha wazo, kwa kuwa umejiletea ushahidi.

Joto lenyewe likija: shusha mabega, legeza taya, toa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta, na jiambie "linapita, ni dakika chache." Usiligombeze. Wanaojipepea kwa fujo na kukimbilia nje hujikuta wakiliogopa linalofuata, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya wakatae kusimama mbele za watu.

Safu ya nne huharibika kwa namna moja kuu: mtu anaandika sifa asizoziamini. "Mimi ni mrembo kuliko wote" akili itaitupa nje kabla wino haujakauka. Andika kitu unachoweza kukiapia mahakamani: "Nimesomesha watoto watatu na bado nafungua duka saa 12 asubuhi." Lugha yetu inasaidia hapa, kwa sababu inalo neno utu uzima, na watu husema utu uzima dawa; inayo pia ajuza na kikongwe. Angalia daftari lako linatumia lipi. Kwa Mwislamu kuna faida ambayo anaweza kuiandika bila kusita: Ramadhani nzima bila kukatiza, bila deni la kulipa, na swala zisizosimama kila mwezi. Wengine huandika akiba ya pedi, na hiyo nayo ni ushahidi.

Kama safu ya tatu haishuki chini ya 8 kwa wiki tatu, kama hakuna kinachokufurahisha tena, au mawazo ya kufa yanapita, hapo ni sonona na daftari si saizi yake. Mawazo ya kufa ni hospitali siku hiyohiyo.

Dumu: kwa nini halijapewa heshima yake

Ukilinganisha gharama na faida, tunaliweka dumu la maji juu ya vingi vinavyouzwa. Estrojeni ikishuka, mafuta yanahama mapajani na kuja tumboni, hata mizani isiposogea sana. Misuli inapungua. Mifupa inaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wake katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza. Kutembea, ambako wengi hufanya, ni kuzuri kwa moyo na akili lakini hakutoshi kwa misuli wala mfupa. Lazima ubebe kitu kizito.

Chagua siku mbili zisizofuatana, tuseme Jumanne na Ijumaa. Mazoezi matano, kila moja marudio 8 hadi 12, raundi 2, ukipumzika dakika moja na nusu kati yake:

1. Kuinuka kitini bila kushika, mikono imekunjwa kifuani. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu la lita 5, ambalo ni kilo 5.
2. Kusukuma ukuta, baadaye meza, baadaye sakafu.
3. Kuvuta: inama kidogo, mgongo umenyooka, mkono mmoja umeegemea kiti, vuta dumu hadi kiunoni.
4. Kupanda na kushuka ngazi moja au stuli imara, mguu mmoja kwanza.
5. Kunyanyua dumu kutoka chini kwa kusukuma makalio nyuma, dumu likiwa karibu na miguu.

Marudio mawili ya mwisho yawe magumu kweli. Ukifika 12 bila kuhangaika mara mbili mfululizo, ongeza: lita 5 ziwe 7, kisha 10. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanabaki na chupa mbili za nusu lita mwaka mzima, halafu wanasema mazoezi hayafai kwa umri wao. Mwili haujengi kwa ajili ya mzigo ulioshauzoea. Usizuie pumzi unaponyanyua, inapandisha presha. Iliyo juu ya 160 kwa 100 itibiwe kwanza.

Mkojo ukivuja unaponyanyua, usiache. Punguza uzito kidogo na ongeza zoezi la kukaza misuli ya chini, kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja: kaza sekunde 5 hadi 8, legeza muda uleule, mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku, kwa miezi 3. Aibu ya kuvuja imewafungia ndani wanawake wengi kuliko mikunjo ya uso.

Misuli haijengwi kwa ugali na mchicha pekee. Lenga gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili; mwenye kilo 70 anahitaji 70 hadi 84 kwa siku. Yai lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, kikombe cha maziwa 8. Dagaa huleta protini na kalsiamu kwa pamoja, maana unakula na mifupa yake. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegraviri asimeze kidonge cha kalsiamu au madini ya chuma pamoja nazo tumbo likiwa tupu: ama vyote wakati wa chakula, ama dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake.

Usijipime kwa mizani. Pima kiuno, na hesabu umeinuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya 12 ni dhaifu. Namba hii hupanda ndani ya mwezi, kwa sababu mishipa ya fahamu hujifunza kabla ya msuli kukua. Kutoka 9 hadi 14 ni kitu ambacho hakuna wifi anayeweza kukubishia.

Kioo: cha bei nafuu, na cha hatari kabisa

Anza na nguo, kwa kuwa jibu lake ni la leo. Pima upya sidiria. Matiti hubadilika umbo na wengi bado wanavaa saizi ya miaka kumi nyuma. Dera la pamba au kitenge laini hunyonya jasho. Nailoni na poliesta hulibakisha juu ya ngozi na kulitangaza. Vaa tabaka mbili nyepesi uweze kuvua moja, mtandio wa pamba badala ya wa hariri bandia. Nguo zinazobana zitoe kabatini kwa miezi mitatu. Sketi ambayo kila asubuhi inakukumbusha kiuno cha zamani ni matusi uliyoyatundika mwenyewe.

Ngozi hupoteza kama asilimia 30 ya kolajeni, protini inayoikaza, katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kwa hiyo inakauka na kuwa nyembamba. Oga kwa maji ya vuguvugu, paka mafuta mazito au glisirini ngozi ikiwa bado na unyevu, na asubuhi krimu ya kuzuia jua ya SPF 30 au zaidi, kwa sababu madoa ya mashavuni hukolezwa na jua. Hayo matatu yanatosha kwa walio wengi.

Mkorogo ni jambo jingine. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini vimo sokoni. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huacha weusi wa bluu usiotoka, kwenye mashavu yaleyale uliyotaka kuyang'arisha. Na nyingi zina steroidi kali, inayopunguza unene wa ngozi ambayo umri umeshaipunguza, ikawa inachanika na kidonda hakiponi. Aliyeitumia muda mrefu asiikate ghafla bila daktari wa ngozi: uso huwaka na kuvimba, na wengi huirudia kwa ajili hiyo.

Nywele: mvi zikikukera, hina halisi hutoa rangi nyekundu au kahawia. Rangi nyeusi tii ya haraka, ile piko inayochorwa hata mikononi kwenye harusi, ina kemikali ya PPD inayoweza kuleta malengelenge na kuvimba kwa macho. Ijaribu nyuma ya sikio saa 48 kabla. Nywele zikipungua utosini, legeza misuko na acha dawa ya kulainisha kwanza, kisha minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 mara moja kwa siku. Wiki 2 hadi 6 za mwanzo hukatika zaidi. Hapo ndipo watu huitupa, ilhali nywele za zamani zinapisha mpya. Ngozi ya utosini ikiwa laini yenye kung'aa na kuwasha, wahi kwa daktari, hiyo ni aina inayoacha kovu.

Na neno "mtu"?

Hili halina safu kwenye jedwali kwa sababu halinunuliwi. Msichana akivunja ungo ana kungwi au somo wa kumfunda; hedhi ikikatika hakuna anayekufunda, na mumeo naye hajafundwa. Anaona humtaki usiku, anahitimisha anachojua yeye. Mwambie mchana, mkiwa mnafanya kitu kingine, kwa maneno mafupi: "Baba fulani, mwili wangu umebadilika, panakauka na panauma. Sijabadilika kwako. Kuna dawa, naomba tusaidiane." Kilainishi cha maji kinatosha kwa wengine, mafuta ya mgando na ya nazi hupasua kondomu. Maumivu yakibaki, estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki, hurudisha ngozi ya ndani na karibu haiingii kwenye damu. Hata wengi wanaozuiwa vidonge huruhusiwa, isipokuwa aliyeugua saratani ya titi atakayeamua na daktari wake. Shabu, siki na sabuni za kubana ziache kabisa. Zinakausha pale palipokauka na kufungua michubuko.

Kikundi husaidia zaidi kuliko rafiki mmoja, kwa sababu mnasikia aibu yenu kwa midomo saba tofauti. Wanawake 6 hadi 10, mikutano 6 ya saa moja na nusu, mada moja kila mkutano, hakuna kinachotoka nje. Kikoba kilichopo kinaweza kutenga saa hiyo. Weka sheria moja ya ziada mapema: hakuna kuuza. Bila hiyo, mkutano wa tatu utakuwa na katoni ya vidonge vya "kurudisha ujana" mezani, na anayekataa kununua ataanza kukosa mkutano wa nne.

Ukichanganya

Majasho zaidi ya 7 kwa siku au kuamka zaidi ya mara 2: homoni au mbadala wake kwanza, dumu kuanzia wiki ya nne usingizi ukishatulia. Ukianza vyote siku moja ukiwa hujalala, utaacha vyote. Majasho machache na maneno mengi kichwani: daftari na dumu kwa pamoja tangu wiki ya kwanza. Kioo kikiongoza peke yake, na unalala vizuri: nguo leo, dumu wiki hii, nywele na ngozi kwa subira. Aliyewahi kuugua saratani ya titi: daftari, dumu, kilainishi, na venlafaksini ikihitajika.

Wiki ya 12 rudi kwenye karatasi ya mwanzo, andika tena kwa siku 14, na ujaze tena zile sentensi 10. Kama joto limeshuka na alama hazijapanda, tatizo halikuwa joto. Angalia ni neno gani sasa linaongoza. Mara nyingi "mwili" ukitulia ndipo "mtu" hujitokeza, kwa kuwa uchovu ulikuwa umemficha.